John Murray wa Pili: Mrithi, Mchapishaji na Moto wa Albemarle Street

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi, mwandishi hutajwa, mhakiki husomwa na msomaji huzungumziwa katika nadharia chungu nzima. Mchapishaji ndiye anayesahaulika. Ilhali baina ya mswada na kitabu huwa pana mtu anayeamua ni kipi kitoke na ni kipi kibaki gizani, nani alipwe na alipwe kiasi gani. Makala haya yanaangazia maisha ya John Murray wa Pili (1778–1843), mchapishaji wa London aliyerithi biashara ya vitabu ya baba yake angali mtoto na kuifanya kuwa mojawapo ya kampuni mashuhuri zaidi za uchapishaji nchini Uingereza. Ndiye aliyewachapishia Lord Byron na Jane Austen. Aidha, ni katika nyumba yake ambamo mswada wa kumbukumbu za maisha ya Byron uliteketezwa motoni. Mambo hayo mawili hayatenganiki katika historia yake, na ndiyo yanayoyafanya maisha yake yastahili kutafakariwa na kila ajishughulishaye na maandishi.

Urithi wa Mtoto

Baba yake, John Murray wa Kwanza, alizaliwa Edinburgh, Uskoti, kwa jina la ukoo MacMurray. Alikuwa afisa katika kikosi cha wanamaji kabla ya kuacha utumishi huo na kununua duka la vitabu katika barabara ya Fleet Street, London, mwaka wa 1768. Hakuwa na uzoefu wowote wa kazi hiyo. Alijifunza akiwa ndani yake, akachapisha vitabu vya tiba, historia na fasihi, na alipofariki Novemba 1793 aliacha biashara yenye jina la wastani na mwana ambaye alikuwa hajatimiza miaka 15.

Mwana huyo alikuwa amekwisha kupata pigo la maisha. Akiwa shuleni Gosport, mwalimu wa hati alikuwa akichonga kalamu ya unyoya kwa kisu kidogo, na kwa bahati mbaya kisu hicho kikamchoma mtoto jichoni. Tangu siku hiyo aliona kwa jicho moja tu. Mtu ambaye riziki yake yote ingetokana na kusoma aliingia katika kazi hiyo akiwa na nusu ya nuru ya wenzake.

Kwa kuwa mrithi alikuwa mtoto, duka liliendeshwa na Samuel Highley, aliyekuwa msaidizi wa marehemu, ambaye baadaye alifanywa mshirika. Highley alikuwa mtu wa tahadhari. Aliridhika kuuza vitabu vilivyochapishwa na wengine na aliogopa kuweka fedha katika miswada mipya. Murray alipokua, alitambua kuwa biashara isiyothubutu hufifia polepole, hata kama haifi. Mnamo mwaka wa 1803 wawili hao walivunja ubia. Suala la nani abaki na nyumba ya Fleet Street liliamuliwa kwa kura, nayo kura ikamwangukia Murray. Highley aliondoka na vitabu vya tiba. Kijana wa miaka 24 akabaki na jina la baba yake, na uhuru wa kukosea.

Kitabu cha Mapishi na Shairi la Scott

Msingi wa utajiri wa Murray haukuwa utanzu ambao wahakiki huuenzi. Ulikuwa kitabu cha mapishi. Maria Rundell, mjane aliyekuwa rafiki wa familia, alimpa mkusanyiko wa maelekezo ya jikoni na ya utunzaji wa nyumba aliokuwa amewaandalia binti zake. Kilipotoka kitabu hicho, kikiwa hakina jina la mwandishi, kilinunuliwa kwa wingi usiotarajiwa, kikachapishwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwanzoni Rundell hakudai malipo. Murray alimpelekea pauni 150 mwaka wa 1808. Kadiri kitabu kilivyozidi kuuzwa ndivyo uhusiano wao ulivyozidi kuharibika, na hatimaye shauri la hakimiliki likafika mahakamani. Mwaka wa 1823 Rundell alikubali pauni 2,100. Kisa hiki kinafaa kukumbukwa kila Murray anaposifiwa kwa ukarimu, kwa sababu mtu aliyeuweka msingi wa nyumba yake alilazimika kuteta kwanza ndipo akapata haki yake.

Mwaka wa 1807 Murray alimwoa Anne Elliot, binti wa muuza vitabu wa Edinburgh. Mwaka huo huo mchapishaji wa Uskoti, Archibald Constable, aliyekuwa ameahidi kumlipa Walter Scott gini 1,000 kwa shairi la Marmion ambalo halikuwa limekamilika, alimkaribisha Murray anunue robo ya hakimiliki. Murray alikubali bila kusita. Shairi lilichapishwa mwaka wa 1808 na kufanikiwa sana.

Uhusiano na Scott ndio uliozaa mradi mkubwa uliofuata. Wakati huo jarida la uhakiki lililotamba ni Edinburgh Review, lililomilikiwa na Constable na kuelemea upande wa chama cha Whig. Murray aliona kwamba upande wa pili, ule wa Tory, hauna jukwaa la kiwango hicho. Mapema mwaka wa 1809 alianzisha Quarterly Review, William Gifford akiwa mhariri, huku Scott na mwanasiasa George Canning wakiwa miongoni mwa waliolichochea wazo hilo. Miaka ya kwanza ilikuwa migumu: matoleo yalichelewa na faida haikuonekana. Murray aliendelea kuligharimia, na kabla ya muongo mmoja kwisha jarida lilikuwa likiuzwa kwa maelfu kila toleo. Lilimpa nguvu kubwa, nayo nguvu hiyo haikutumika kwa haki siku zote. Mwaka wa 1818 lilichapisha tahakiki kali dhidi ya Endymion, shairi la kijana John Keats. Keats alikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1821, lakini kwa muda mrefu waliokuwa wakimwomboleza walilihusisha jarida hilo na kifo chake.

Byron na Nyumba ya Albemarle Street

Mwaka wa 1812 ndio uliobadili kila kitu. Murray alikuwa amepokea mswada wa Childe Harold's Pilgrimage kutoka kwa R. C. Dallas, jamaa wa mwandishi, ambaye Byron alimwachia malipo yote kwa kuwa aliona si heshima kwa bwana wa ukoo kuuza mashairi yake. Murray alilipa pauni 600. Shairi lilitoka mwezi wa Machi, na nakala 500 za toleo la kwanza zikaisha kwa siku tatu. Byron, aliyekuwa na umri wa miaka 24, akawa gumzo la London nzima.

Mwaka huo huo Murray alinunua nyumba nambari 50, Albemarle Street, katika mtaa wa watu wa tabaka la juu. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kutosha, aliweka rehani hazina zake tatu: hakimiliki ya kitabu cha mapishi, robo yake ya Marmion na Quarterly Review. Laiti mambo yangemwendea mrama, angepoteza kila alichokijenga. Mambo hayakumwendea mrama. Sebule ya nyumba hiyo iligeuka kuwa baraza la waandishi, wasafiri na wanasiasa, waliozoea kukutana hapo alasiri kuzungumza na kupitia vitabu vipya. Ni hapo ambapo Scott na Byron walikutanishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1815. Mtoto wa Murray, aliyekuwa na umri wa miaka saba hivi, alikumbuka hadi uzeeni jinsi washairi hao wawili, ambao wote walikuwa na kilema cha mguu, walivyoteremka ngazi pamoja wakichechemea.

Mwaka wa 1814 shairi la Byron liitwalo The Corsair liliuzwa nakala 10,000 siku ile ile ya kutolewa. Idadi kama hiyo haikuwahi kusikika katika ushairi wa Kiingereza. Urafiki wa wawili hao nao ulikua. Byron alipobanwa na madeni mwaka wa 1815, Murray alimpelekea pauni 1,500 bila kuombwa, na Byron akazirudisha kwa shukrani.

Mwaka huo huo Jane Austen alimletea Murray riwaya ya Emma. Murray alimtolea pauni 450 kwa hakimiliki ya riwaya hiyo pamoja na mbili nyingine. Austen aliona kuwa ni kidogo, akakataa, akaamua kugharimia uchapishaji mwenyewe huku Murray akipata kamisheni. Nakala 2,000 zilichapishwa, na Murray akampa Scott kazi ya kuihakiki katika Quarterly Review. Hata hivyo, toleo la pili la Mansfield Park lilileta hasara, na hasara hiyo ikakatwa kwenye faida ya Emma, hivi kwamba malipo aliyoyapata Austen kutokana na Emma katika uhai wake hayakufika pauni 40. Alifariki mwaka wa 1817, na riwaya zake mbili za mwisho zilitolewa na Murray mwishoni mwa mwaka huo. Ni ajabu ya soko la vitabu kwamba mwandishi ambaye leo husomwa kuliko wote waliokanyaga sebule ya Albemarle Street hakupata hata sehemu ndogo ya fedha alizolipwa Byron.

Orodha ya Murray ilienea pia nje ya fasihi. Kupitia kwa John Barrow, katibu katika Wizara ya Majini, alipata masimulizi ya wavumbuzi na mabaharia. Mwaka wa 1818 alichapisha simulizi ya safari ya James Tuckey katika mto Kongo, safari iliyomwua Tuckey mwenyewe na wenzake wengi mwaka wa 1816. Kwa njia hii wasomaji wa Ulaya walianza kulijua bara la Afrika kwa macho ya wageni wake, kabla wenyeji hawajapata nafasi ya kujieleza katika vitabu vya aina hiyo.

Hofu ya Mchapishaji

Byron aliondoka Uingereza mwaka wa 1816 kwa kashfa za ndoa yake iliyovunjika, asirudi tena akiwa hai. Kutoka Italia alituma kazi zilizozidi kuwa kali. Don Juan ilipofika, Murray alijikuta baina ya moto na maji. Alijua kwamba ni kazi kubwa, na alijua pia kwamba wasomaji wake waheshimiwa, makasisi, maafisa wa serikali na wanachama wa Tory, wangeiona kuwa tusi dhidi ya dini na maadili. Sehemu mbili za kwanza zilitolewa mwaka wa 1819 bila jina la mwandishi wala la mchapishaji. Wezi wa vitabu hawakukawia kuchapisha matoleo ya bei rahisi. Tamthilia ya Cain ilipotoka Desemba 1821 na kuchapishwa kiharamia, Murray alienda mahakamani, lakini mwaka wa 1822 Lord Chancellor Eldon alikataa kumpa amri ya zuio kwa kuwa alitilia shaka iwapo kazi yenye kuikashifu dini inastahili kulindwa na sheria. Pigo lilikuwa la aina mbili: Murray alilaumiwa kwa kuchapisha, kisha akanyimwa ulinzi wa alichokichapisha. Byron alichoshwa na kusitasita kwake, akampelekea John Hunt sehemu zilizobaki za Don Juan.

Katika hali hiyo ndipo kifo kilipobisha hodi. Byron alifariki Missolonghi, Ugiriki, tarehe 19 Aprili 1824, na habari ikafika London katikati ya mwezi wa Mei. Sasa swali likawa: zile kumbukumbu zifanywe nini? Byron alikuwa amempa rafiki yake, mshairi Thomas Moore, mswada wa kumbukumbu za maisha yake mwaka wa 1819, naye Moore akamwuzia Murray kwa gini 2,000 ili utolewe baada ya kifo cha mwandishi. Watu wengi walikuwa wameusoma kwa kuazimwa na Moore. Murray mwenyewe hakuwa ameusoma. Gifford, aliyeusoma kwa niaba yake, aliona haufai kuchapishwa.

Tarehe 17 Mei 1824 walikusanyika Albemarle Street: Murray, Moore, John Cam Hobhouse aliyekuwa rafiki wa karibu wa marehemu, Wilmot Horton kwa niaba ya Augusta Leigh, dada wa Byron wa baba mmoja, Kanali Doyle kwa niaba ya mjane, na Henry Luttrell, rafiki wa Moore. Moore alipinga kuteketezwa kwa mswada wote. Alitaka angalau usomwe kwanza, na sehemu zisizo na madhara zihifadhiwe. Hobhouse alishikilia kuwa heshima ya marehemu inadai uangamizwe. Murray, ambaye ndiye angefaidika kuliko wote kama ungechapishwa, aliunga mkono kuuchoma. Mwanawe wa miaka 16 aliitwa ashuhudie. Kurasa zikararuliwa na kutupwa katika moto wa meko ya sebuleni, pamoja na nakala iliyokuwa imenakiliwa. Moore alirejesha fedha zote.

Tendo hilo limehukumiwa kwa namna mbalimbali. Wapo wanaomtetea Murray kwa hoja kwamba alipoteza faida kubwa kwa hiari yake ili kuilinda familia ya rafiki yake. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa hakuna ushahidi kwamba alipata senti kutokana na moto ule. Lakini kuna la kuuliza. Mchapishaji aliyekubali kuangamiza kitabu ambacho hakukisoma alikuwa akiamua kwa misingi gani? Misukosuko ya Don Juan na Cain ilikuwa bado mibichi. Yumkini mapenzi yake kwa Byron na hofu yake kwa wasomaji wake vilisema kwa sauti moja siku hiyo, na yeye mwenyewe pengine asingeweza kuvitenganisha. Lisilo na shaka ni kwamba mwandishi alikuwa amekusudia maneno yake yasomwe, na hakuwapo kuyatetea.

Anguko na Kuinuka

Mwaka uliofuata Murray alijaribu jambo lililokaribia kumfilisi. Alishawishiwa na Benjamin Disraeli, kijana wa miaka 20, mwana wa rafiki yake Isaac D'Israeli, aanzishe gazeti la kila siku. Makubaliano yalikuwa kwamba Murray atoe nusu ya mtaji, na nusu nyingine igawanywe baina ya Disraeli na mfanyabiashara aitwaye Powles. Soko la fedha lilipoporomoka mwishoni mwa 1825, washirika hao wawili hawakutoa chochote. Gazeti, The Representative, lilianza Januari 1826 na kufa Julai mwaka huo huo. Hasara ilikuwa pauni 26,000. Isitoshe, Disraeli alitoa riwaya ya Vivian Grey mwaka huo, na Murray akaamini kuwa amedhihakiwa ndani yake. Kijana huyo alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka wa 1868.

Mporomoko huo wa uchumi uliwaangusha wengi. Constable alifilisika, na Scott, aliyekuwa amefungamana naye kibiashara, akajikuta na deni la zaidi ya pauni 100,000. Murray alinusurika kwa sababu miaka mingi kabla alikuwa amejitenga na mtindo wa Constable na wenzake wa kuendesha biashara kwa hati za ahadi za malipo. Mwaka wa 1829, Scott akihangaika kulipa deni kwa kuandaa toleo jipya la kazi zake zote, Murray alimrejeshea ile robo ya Marmion bila kudai hata peni moja, kwa kuwa aliona imekwisha kumlipa mara nyingi kuliko alivyoinunulia. Pengine hili ndilo tendo linalomwonyesha vyema kuliko yote.

Miaka yake ya mwisho alielekea kwenye maarifa ya jumla. Alianzisha mfululizo wa vitabu vya bei nafuu, Family Library, mwaka wa 1829. Alichapisha Principles of Geology ya Charles Lyell kuanzia 1830, pamoja na kazi za kisayansi za Mary Somerville. Mwaka wa 1830 alitoa juzuu ya kwanza ya wasifu wa Byron ulioandikwa na Moore, yule yule aliyepinga moto. Ndani ya wasifu huo barua na shajara za mshairi zilihifadhiwa, kana kwamba wawili hao walikuwa wakijaribu kurudisha kwa mkono mmoja walichokipoteza kwa mkono mwingine. John Murray wa Pili aliaga dunia London tarehe 27 Juni 1843, akiwa na umri wa miaka 64.

Hitimisho

Urithi ulimfikia mwanawe, John Murray wa Tatu, yule aliyeitwa kutazama kurasa zikiungua. Huyu ndiye aliyechapisha kitabu cha David Livingstone mwaka wa 1857 na On the Origin of Species ya Charles Darwin mwaka wa 1859. Mwaka wa 1874 alichapisha shajara za mwisho za Livingstone, zilizobebwa hadi pwani ya Afrika Mashariki na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao pamoja na maiti ya msafiri huyo. Susi na Chuma walifika Uingereza na kumsaidia mhariri Horace Waller kuziandaa. Waafrika hao walizilinda karatasi za mtu aliyekufa, wakazifikisha salama kwa kampuni ile ile ambayo miaka 50 kabla ilikuwa imezitia moto karatasi za marehemu mwingine.

Kampuni ilibaki mikononi mwa ukoo wa Murray kwa vizazi saba, hadi ilipouzwa mwaka wa 2002. Hifadhi yake ya barua na miswada ilinunuliwa na Maktaba ya Kitaifa ya Uskoti mwaka wa 2006 kwa pauni milioni 31. Kila herufi iliyosalia ilikuwa na thamani hiyo. Msomi wa leo anayeipekua hifadhi hiyo atakuta barua za Byron, hesabu za Austen na vitabu vya mapato. Kumbukumbu za mshairi hatazikuta.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lugha ambayo tendi zake nyingi zimepotea kwa mchwa, kwa mvua na kwa kutojali, maisha haya yana funzo. Si kila kinachopotea huangamizwa na adui. Kingine huangamizwa sebuleni, mchana kweupe, na watu waliompenda mwandishi, kwa nia njema. Naye mrithi wa maandishi, awe mwana wa mchapishaji au mjukuu wa malenga, hurithi pia swali ambalo John Murray wa Pili alilijibu mara moja tu na kwa namna isiyoweza kubatilishwa: je, maneno ya marehemu ni mali ya nani?